Lori Lisipofika: Vifaa Tiba vya Anga za Juu na Somo Lake kwa Nachingwea na Ruangwa

Nilipowaambia wenzangu wa bwenini kwamba makala yangu ya toleo hili inahusu matibabu ya wanaanga, mmoja akacheka: "Ndugu yangu, umetoka fildi Nachingwea juzi, vumbi la Ruangwa bado lipo kwenye begi. Hizo anga za juu umepandia stendi gani?" Swali zuri. Naomba nilijibu kwa urefu.

Mimi nasoma uhandisi wa vifaa tiba, mwaka wa tatu. Likizo iliyopita nilifanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane katika wilaya hizo mbili za Mkoa wa Lindi, nikimfuata fundi mmoja mtu mzima kutoka wodi hadi wodi, na kutoka zahanati hadi zahanati. Semista iliyotangulia tulikuwa tumesoma kozi ya malighafi za vifaa tiba. Ninaposema malighafi namaanisha kile kitu chenyewe ambacho kifaa kimeundwa nacho: plastiki, metali, unga, kichujio, karatasi ya kufungia. Mifano mingi kwenye desa la kozi hiyo ilitoka kwenye safari za anga. Darasani niliiona mifano ya mbali sana. Kule kusini nikaanza kuiona kila siku.

Nilichojifunza nakiweka hapa mwanzoni ili usikitafute: kifaa tiba cha safari ndefu hakipimwi siku boksi linapofunguliwa. Kinapimwa siku ambayo mzigo uliotarajiwa haukufika. Kanuni hiyo ni ileile kwa mwanaanga na kwa mama aliyelazwa kijijini, na inaanzia kwenye malighafi.

Daktari aliyekuwa Unguja

Kwanza tuondoe dhana kwamba mambo haya ni ya watu wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Marekani ilijenga kituo cha kufuatilia vyombo vya anga kisiwani Unguja, kimoja kati ya vituo vilivyouzunguka ulimwengu kwa ajili ya mradi wake wa Mercury. Vituo hivyo vilikuwa na daktari aliyesikiliza hali ya mwanaanga kwa redio na kusoma vipimo vyake vilivyotumwa kwa mawimbi.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu ndani ya chombo kiitwacho Friendship 7. Alipofika eneo la Zanzibar alifanya zoezi lililopangwa na madaktari: akavuta kamba ya mpira mfululizo kwa sekunde 30. Mapigo ya moyo yakapanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, kisha yakashuka. Kwa hiyo mojawapo ya vipimo vya mwanzo kabisa vya moyo wa binadamu anayefanya mazoezi angani kilipokelewa hapa kwetu, na kifaa chenyewe kilikuwa kamba ya mpira. Kituo kiliondolewa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Safari ya Glenn ilichukua chini ya saa tano. Mtu wa saa tano hahitaji duka la dawa. Leo wanaanga hukaa miezi sita kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga (ISS), na wanaopanga kwenda Mars wanahesabu miezi kama sita hadi tisa ya kwenda tu. Hapo ndipo swali la malighafi linapoanza kuuma.

Dawa iliyohesabiwa tone kwa tone

Mapema mwaka 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha kisa cha mwanaanga mmoja, jina halikutajwa, aliyegundulika kuwa na donge la damu kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Alikuwa na miezi kama miwili ndani ya ISS. Hakuwa na maumivu. Donge lilionekana kwa sababu alikuwa akijipima mwenyewe kwa altrasaundi kwa ajili ya utafiti, huku akielekezwa na wataalamu walioko duniani.

ISS huzunguka kilomita kama 400 juu ya vichwa vyetu. Hiyo ni pungufu ya safari ya basi kutoka Dar hadi Lindi mjini. Lakini kabati la dawa la kule lilikuwa na vichupa 20 tu vya dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda. Sindano zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Madaktari wakaanza na dozi kubwa, halafu baada ya wiki kadhaa wakaipunguza, ili ile iliyopo ifike hadi chombo cha mizigo kitakapoleta vidonge. Vidonge vilifika, mgonjwa akaendelea navyo, akarudi duniani salama.

Sasa fikiria chombo kingechelewa. Si jambo la kufikirika tu. Kati ya Oktoba 2014 na Juni 2015 vyombo vitatu vya mizigo vilivyokuwa vinaelekea ISS vilipotea: kimoja cha kampuni ya Orbital, kimoja cha Urusi, kimoja cha SpaceX. Vitatu ndani ya miezi minane.

Na sisi tunajua habari hiyo. Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mvua iling'oa barabara na madaraja upande wa Somanga, Kilwa, na barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika. Mabasi na malori yakasimama pande zote mbili. Dawa za zahanati zetu zinatoka Bohari ya Dawa kwa malori, kwa mzunguko uliopangwa. Lori nalo ni chombo cha mizigo. Lina ratiba, na ratiba hukutana na mvua.

Ukiwa na safari ya namna hiyo una njia mbili. Unaweza kubeba vitu vingi zaidi, au unaweza kubeba uwezo wa kuvitengeneza, kuvisafisha na kuvitumia tena. Uzito hauruhusu njia ya kwanza kwenda mbali, kwa hiyo wahandisi wa anga wamesukumwa kwenye ya pili. Tuangalie mifano, tukianza na ule nilioushika kwa mikono.

Unga unaochuja hewa

Katika hospitali moja niliyopitia, ambayo sitaitaja, stoo ilikuwa na mashine ya kuzalisha oksijeni iliyobandikwa karatasi: MBOVU. Fundi akaiwasha. Ikanguruma vizuri, hewa ikatoka kwenye mrija. Akaweka kipimo: oksijeni asilimia hamsini na kidogo. Mashine nzima hutoa asilimia 90 hadi 95.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hii haijafa. Imekunywa maji."

Ili umwelewe, hebu tuifungue mashine. Hewa tunayovuta ni nitrojeni asilimia 78, oksijeni asilimia 21, na kidogo kilichobaki ni hasa gesi ya ajoni. Mashine haitengenezi oksijeni. Inaondoa nitrojeni. Ndani yake kuna silinda mbili zilizojazwa punje ndogo za zeolaiti, ambayo ni madini ya aluminiamu, silikoni na oksijeni yaliyopangika kama sega la nyuki lenye vitundu vidogo mno, vya kulingana na molekuli. Ndani ya vitundu kuna chaji za umeme, na chaji hizo huivuta nitrojeni kwa nguvu kuliko oksijeni.

Kompresa inasukuma hewa kwenye silinda ya kwanza. Nitrojeni inanasa, oksijeni inapita kwenda kwa mgonjwa. Kabla vitundu havijajaa, vali inageuza hewa kwenda silinda ya pili, na ile ya kwanza inaachiwa mgandamizo. Mgandamizo ukishuka nitrojeni inabanduka na kutolewa nje, na ndio ule mlio wa "chaa" unaousikia wodini kila baada ya sekunde chache. Zeolaiti imejisafisha yenyewe, tayari kwa zamu nyingine. Haiishi. Inafanya kazi miaka, mradi isipate adui wake.

Adui ni unyevu. Molekuli ya maji inavutwa na zile chaji kwa nguvu kuliko hata nitrojeni, na kushusha mgandamizo peke yake hakutoshi kuitoa. Ikiingia inakaa kitundu chake kama mpangaji asiyelipa kodi. Mashine ikitumika masika, au ikikaa stoo bila kuwashwa na milango ya hewa haikuzibwa, vitundu vinajaa maji kidogo kidogo. Injini nzima, kompresa nzima, lakini oksijeni imeshuka. Muuguzi haoni tofauti kwa macho. Anayeiona ni mtoto mwenye nimonia.

Kule ISS zeolaiti ipo pia, na ni ndugu wa hiyohiyo. Huko kazi yake ni kunasa kaboni dayoksaidi ambayo wanaanga wanaitoa kwa pumzi. Wahandisi walijua habari ya unyevu, kwa hiyo hewa inapita kwanza kwenye tabaka la kukausha, lenye silika jeli pamoja na zeolaiti nyingine, ndipo iende kunaswa. Baadaye tabaka linapashwa moto na kufunguliwa kwenye ombwe la nje, gesi inatoka, kazi inaanza upya. Hata hivyo mtambo huo uliwasumbua miaka mingi: punje zilisagika zikawa vumbi, vumbi likaziba vali, wanaanga wakalazimika kuufungua na kuusafisha. Kumbe fundi wa kule naye analia vumbi.

Linganisha na Apollo 13, Aprili 1970. Chombo kile kilitumia makopo ya lithiamu haidroksaidi, ambayo hunasa kaboni dayoksaidi mara moja tu na kuisha. Tangi la oksijeni lilipolipuka, watu watatu walihamia kwenye chombo kidogo cha kutulia mwezini, na makopo ya huko hayakutosha. Ya chombo kikubwa yalikuwepo, ila yalikuwa ya mraba na matundu yalikuwa ya duara. Waliunganisha kwa plastiki, karatasi ngumu na gundi ya utepe, wakaokoka. Watu husimulia kisa hiki kama habari ya ubunifu, na ni kweli. Mwanafunzi wa malighafi asome na upande wa pili: kitu kinachoisha kilikutana na safari iliyorefuka.

Kuna jambo moja zaidi lililonishangaza. Ndani ya chombo cha anga kilichofungwa, ukimpa mgonjwa oksijeni ya mtungi, sehemu kubwa inamwagika chumbani. Kiwango cha oksijeni kinapanda, na moto unakuwa jirani. Marekani ilijifunza kwa uchungu tarehe 27 Januari 1967, wanaanga watatu wa Apollo 1 walipoungua wakiwa bado ardhini, ndani ya chombo kilichojazwa oksijeni tupu. Ndiyo maana wanaopanga matibabu ya safari ndefu wanataka mashine inayokusanya oksijeni ya chumbani na kumpelekea mgonjwa, bila kuongeza mpya. Yaani wanataka kitu cha aina ileile iliyokuwa stoo, ila ndogo na nyepesi.

Ile ya stoo ilipona. Fundi alitoa silinda za zeolaiti kutoka mashine nyingine iliyokufa kompresa, akabadilisha na vichujio. Kipimo kikasoma asilimia 93. Ilirudi wodini jioni ileile.

Dripu ni maji

Mfuko wa dripu wa nusu lita una nini? Maji na chumvi. Chumvi ni gramu 4.5, kwa maana ya asilimia 0.9. Mifuko 100 ina uzito wa zaidi ya kilo 50, lakini chumvi iliyomo yote ni gramu 450, chini ya pakiti ya nusu kilo ya dukani. Kilo hamsini zilizobaki ni maji unayoyasafirisha.

Kwenye ISS maji yapo. Yanatokana na jasho, pumzi na mkojo wa wanaanga, na mwaka 2023 mitambo ilifikia kurejesha asilimia 98 ya maji hayo. Kwa hiyo mwaka 2010 walijaribu jambo: walichukua maji ya kunywa ya kituo, wakayapitisha kwenye resini inayoondoa madini yaliyoyeyuka na kwenye vichujio vyenye vitundu vidogo kuliko bakteria, wakayaingiza kwenye mifuko safi iliyokuwa na chumvi iliyopimwa duniani. Hata kukoroga kulikuwa kazi, maana kule viputo vya hewa havipandi juu. Walitumia kisumaku kidogo kilichozunguka ndani ya mfuko. Na mfuko wenyewe huwezi kuutundika msumarini ukategemea ushuke: hakuna uzito, hakuna kushuka. Lazima usukumwe kwa pampu au mgandamizo.

Sitaki mtu atoke hapa akachemshe maji na chumvi jikoni aite dripu. Bakteria akifa anaacha mabaki ya ganda lake, na mabaki hayo yakiingia kwenye damu huleta homa kali na hata kifo. Kuchemsha hakuyaondoi. Hospitali kadhaa za misheni nchini ziliwahi kuwa na vyumba vyao vya kutengenezea dripu, na kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ubora: kupima kila toleo, kila siku, bila kuchoka. Kichujio na resini vinafanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni maabara inayosema "hii ndiyo, hii hapana".

Hata hivyo hesabu inabaki palepale. Tunalipa mafuta ya lori kusafirisha maji kwenda wilaya zenye maji. Swali la mtambo mdogo wa ngazi ya mkoa, wenye maabara yake, ni la kihandisi na la kiuchumi, na linafaa kuwa tasnifu ya mtu.

Bahasha ya dawa

Malighafi nyingine tunayoidharau ni kifungashio. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya makasha manne ya dawa yaliyokaa angani kwa muda tofauti, kuanzia siku 13 hadi miezi 28, huku makasha yanayofanana yakihifadhiwa duniani. Kadiri muda ulivyorefuka, dawa nyingi zaidi kati ya zile za angani zilipoteza nguvu kuliko zile za duniani. Mionzi ilishukiwa. Lakini kuna mshukiwa mwingine wa kawaida kabisa: ili kupunguza uzito na nafasi, dawa zilikuwa zimetolewa kwenye vifungashio vya kiwandani na kuwekwa kwenye vingine, ambavyo havikuzuia unyevu na mwanga kama vile vya mwanzo.

Sasa kumbuka dirisha la dawa. Vidonge vya kopo kubwa vinahesabiwa kwa kijiko, vinamiminwa kwenye kibahasha cha karatasi au plastiki, mgonjwa anakitia mfukoni, anatembea juani, nyumbani anakichomeka darini chini ya bati. Ile karatasi ya aluminiamu tunayoitoboa kwa kidole gumba ina kazi: aluminiamu hairuhusu maji, hewa wala mwanga kupita, hata ikiwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Karatasi inaruhusu vyote vitatu. Mgonjwa asipopona tunasema dawa ni feki, au hakumaliza dozi. Huenda ilikuwa bahasha.

Risasi, ndoo na printa

Hii nitaipita haraka. Chumba cha eksirei hukingwa kwa madini ya risasi, kwa sababu atomu nzito huzuia mionzi ile vizuri. Ukipeleka kinga hiyohiyo anga za mbali unaweza kujiumiza. Chembe za mionzi ya huko zina kasi kubwa mno, na zikigonga kiini kizito hukivunja na kurusha vipande vingine vyenye madhara. Kinga nzuri ni kitu chenye haidrojeni nyingi, kama maji na polithini, plastiki ya familia moja na ndoo na mipira ya maji. Mwaka 2022 chombo cha Artemis I kiliuzunguka mwezi kikiwa na sanamu mbili zenye umbo la kike na vipima mionzi ndani yake, Helga na Zohar. Zohar alivaa fulana ya kinga iliyotengenezwa kwa polithini. Helga hakuvaa. Walilinganishwa waliporudi.

Plastiki hiyohiyo inatupeleka kwenye printa ya 3D. Ya kwanza ilipelekwa ISS mwaka 2014, na kabla ya mwaka kuisha ilichapa spana kwa mchoro uliotumwa kutoka duniani. Spana haikupanda roketi, iliyopanda ni barua. Kule nilikokuwa fildi niliona vifaa vya bei mbaya vikilala kwa kukosa kitasa, mfuniko wa kichujio au mguu wa kusimamia. Vitu hivyo havimgusi mgonjwa, havibebi mgandamizo, na kuvichapa si hatari. Tuanzie hapo, tusikimbilie kuchapa vali za moyo.

Kinywe cha Ruangwa, nikeli ya Nachingwea

Wengi wetu tunaijua Ruangwa kwa Namungo na kwa korosho. Mwanafunzi wa malighafi aijue kwa kinywe. Wilaya hiyo ina miradi ya kinywe ya Lindi Jumbo na Chilalo. Jirani yake, Nachingwea, ina hazina ya nikeli kwenye kilima cha Ntaka.

Weka majina hayo mawili pembeni, kisha usikilize habari ya betri za ISS. Kituo kile kinapita kivulini kwa dunia kila mzunguko wa dakika tisini na kitu, na kwenye kivuli kila kitu, kuanzia mashine ya hewa hadi altrasaundi, kinaishi kwa betri. Mwanzoni zilikuwa betri za nikeli na haidrojeni. Kati ya mwaka 2017 na 2021 wanaanga walitoka nje mara nyingi kuziondoa 48 na kuweka 24 za lithiamu. Idadi nusu, kazi ileile. Betri za lithiamu kwa kawaida hutumia kinywe upande wake hasi. Kinywe kimepangika matabaka kama kurasa za daftari, na wakati wa kuchaji lithiamu huingia katikati ya kurasa bila kuzichana, kisha hutoka wakati wa kutumia, maelfu ya mara.

Sisemi kinywe cha Ruangwa kiko angani. Nasema familia ya madini iliyo chini ya wilaya hizo mbili ndiyo iliyobeba umeme wa kituo kile, zamu kwa zamu. Na umeme ndio unaoamua kama ile mashine ya oksijeni itafanya kazi usiku.

Piga hesabu nami. Mashine ndogo ya oksijeni hula wati kama 350. Betri ya gari ya volti 12 na saa-ampea 200 ina wati-saa 2,400, lakini betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu unaiua mapema. Kwa hiyo una 1,200: saa tatu na nusu hivi. Ya lithiamu ya ukubwa huo unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, ukapata karibu saa tano na nusu. Tofauti ya saa mbili, saa tisa za usiku, umeme ukiwa umekatika na mtoto yuko kwenye mrija, si ya kitabuni.

Ila kinywe kinachotoka mgodini huwa na kaboni asilimia tisini na kitu. Cha betri kinahitaji kufikia asilimia 99.95, na punje zake zisuguliwe ziwe za mviringo. Ile asilimia chache ya mwisho ni kemia, ni tanuri, ni tindikali na namna ya kuzitupa salama. Ni kazi ya watu waliosoma. Bei kubwa ipo hapo, na ajira zetu zipo hapo.

Kazi yetu

Nimeona kila mwaka wa nne unavyokimbizana kutafuta mada za miradi, na nusu ya mada zinarudiwa. Natoa hizi bure, hakuna hakimiliki.

Moja: kikaushio cha silika jeli cha kufunga kabla ya hewa haijaingia kwenye mashine ya oksijeni, kinachochomoka na kukaushwa kwenye tanuri la nyuzi joto 120 hivi, kisha kikarudishwa. ISS wanakausha hewa kwanza, sisi tunaiachia mvua.

Mbili: kipimo cha bei nafuu cha oksijeni, chenye taa ya kijani na nyekundu, ili muuguzi ajue kabla ya mgonjwa kujua.

Tatu: upimaji wa vidonge vilivyokaa kwenye bahasha miezi mitatu katika joto la Lindi, dhidi ya vile vilivyobaki kwenye kifungashio. Watu wa famasia, hii ni yenu.

Nne: usafishaji wa kinywe kwa kiwango cha maabara. Chuo kina tanuri, Ruangwa ina kinywe.

Kwa viongozi wa serikali yetu ya wanafunzi, hasa wizara ya elimu: tunapodai bumu liingie mapema, tudai pia miradi ya mwisho isiozee kwenye kabati za idara. Kila mradi unaofaa upelekwe kwa fundi wa wilaya mmoja aujaribu na kutuambia ukweli.

Mimi nimechukua namba moja. Nina mashine chakavu ya kujaribia na nina fundi huko kusini aliyeahidi kuifunga na kuniandikia vipimo masika yote. Ninachokosa ni mtu wa kemia anayejua silika jeli, na mtu wa mitambo wa kunichorea kasha lisilovuja. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa karakana ya idara yetu. Njooni na kalamu.